Kwa nini timu za roboti mashuleni zinakufa mwaka wa pili?

#1 Ticha_Nyegezi

Wakuu, heshima kwenu.

Nafundisha Fizikia shule ya serikali huku Kanda ya Ziwa. Mkuu wa shule kanikabidhi kazi ya kuanzisha timu ya roboti, kuna mfadhili kaahidi vifaa. Kabla sijaingia kichwa kichwa nikaona nizungukie shule za jirani zilizowahi kuwa na timu. Kote ni hadithi ile ile. Mwaka wa kwanza kuna fulana zimechapwa, mgeni rasmi kaja, risala imesomwa, roboti inafuata mstari mweusi sakafuni, watu makofi. Mwaka wa pili ukiuliza unaambiwa "vifaa vipo stoo."

Shule moja walinifungulia hiyo stoo. Boksi lina vumbi, betri za lithiamu zimevimba kama maandazi, zile ndogo za kwenye rimoti zimetapika unga mweupe mpaka springi zimeoza, na waya wa USB haupo. Mtunza stoo akasema upo ofisini, unachajia simu ya mtu.

Dai langu ni kwamba tatizo si pesa, maana pesa ilikuwepo. Sasa ni nini? Waliopita njia hii naomba mseme.

#2 MzeeWaSolda

Tatizo ni wewe mkuu. Usikasirike, nina maana mwalimu.

Timu nyingi za roboti ni mwalimu mmoja mwenye wazimu wa vifaa na watoto wanaomfuata. Barua ya uhamisho ikitoka, leo Nyegezi kesho Nachingwea, timu imekwisha. Mrithi wake anafundisha Jiografia na hataki hata kulisogelea hilo boksi, anaogopa akiharibu atalipa. Kama unataka idumu, tafuta walimu wawili kabla hujatafuta hata mota moja. Na wa pili asiwe wa Fizikia. Chukua wa Kiswahili au wa Uhasibu, mtu anayejua kutunza daftari.

#3 Dogo_PCM

Mzee hapo #2 sikubaliani. Mimi nilikuwa kwenye timu sekondari na mwalimu wetu hakuhama, mpaka leo yupo pale pale. Tuliohama ni sisi.

Timu nzima tulikuwa kidato cha nne, kwa sababu tulikuwa "wakali." Programu zote zilikuwa kwenye laptopu ya jamaa mmoja, ya kaka yake. Tukamaliza mtihani, kila mtu kwao, laptopu ikaenda Tunduma. Kidato cha pili waliobaki walikuwa wanashika waya tukisolda na kutuletea maji. Hakuna aliyewahi kuandika hata mstari mmoja wa programu. Mwalimu akabaki na roboti inayowaka taa haiendi.

Kwa hiyo mimi nasema kifo cha timu kinaanza siku ya kuchagua wachezaji. Ukijaza wakubwa, umeshaizika.

#4 NgosoMtata

Kushika waya ndiyo mafunzo yenyewe hayo. Sisi tulishika jembe shamba la shule miaka minne na hakuna hata mmoja aliyekuwa afisa kilimo.

#5 Bi_Mkunazini

Assalaam alaykum.

Mie nipo Unguja, nasaidia skuli moja. Alosema Dogo ni kweli lakini kuna jengine mmelikimbia. Angalieni nani anashika kompyuta. Siku ya mwanzo mwalimu anasema "gawaneni kazi," basi wavulana wawili wanakaa kwenye kibodi na hawainuki mpaka mwaka unakwisha, wasichana wanapewa bango na kupamba meza. Mwaka wa pili wale wawili wakiondoka, kimeondoka kila kitu.

Sisi tuliweka sharti. Saa ya ukutani ndiyo inayopanga. Kila baada ya nusu saa anayeandika programu anainuka, aliyekuwa kulia kwake anakaa. Wa kwanza kulalamika walikuwa hao wavulana, wanasema tunapunguza kasi. Na kweli kasi inapungua, khasa wiki za mwanzo. Lakini sasa hakuna mtoto mmoja ambaye akiugua homa timu haiwezi kwenda mashindanoni.

#6 Kamukunji254

Salamu kutoka Nairobi. Naomba niwe mpinzani kidogo wa #1, eti tatizo si pesa. Pesa ni tatizo, lakini kwa njia nyingine: pesa nyingi huua. Mmesikia ile shule ya Phoenix, Arizona? Vijana wanne, watoto wa wahamiaji kutoka Meksiko wasio na makaratasi, shule ya mtaa wa kimaskini, waliwapiga MIT, chuo kikuu kile kikubwa cha teknolojia, kwenye mashindano ya roboti ya FIRST na roboti ya mabomba ya plastiki. Hawakuwa na mfadhili wa maana. Kwa hiyo wacheni kungoja maboksi ya wafadhili. Nendeni jua kali, kwa mafundi wa mtaani.

#7 Chuma_cha_Pua

Mkuu Kamukunji hadithi ni ya kweli ila umechanganya. Haikuwa FIRST. Yalikuwa mashindano ya roboti za chini ya maji ya MATE, mwaka 2004, yalifanyika Chuo Kikuu cha California kule Santa Barbara. Shule ni Carl Hayden. Nao FIRST walikuwemo pia, timu namba 842, labda ndiyo maana umechanganya.

Utamu wa ile habari uko kwenye uvujaji. Roboti yao waliiita Stinky kwa harufu ya gundi ya mabomba. Walipoijaribu kwenye maji wakiwa tayari wamefika kule, kasha la umeme likaanza kuingiza maji, na hapakuwa na muda wa kulifungua na kulisolda upya lote. Wakaenda dukani wakanunua tamponi, zile wanazotumia kina dada, wakazipanga ndani zinyonye maji. Ikashika. Roboti ya MIT iligharimu zaidi ya dola 10,000, yao inasemwa kama dola 800.

Lakini usiseme hawakuwa na kitu. Walikuwa na walimu wawili, Fredi Lajvardi na Allan Cameron, na hao walimu walikuwa wanawalazimisha watoto wapige simu wenyewe kwa wahandisi na wauza vifaa kuuliza maswali. Naona MzeeWaSolda atafurahi, walimu WAWILI.

#8 MzeeWaSolda

Nimefurahi. Endelea.

#9 Mama_Koku

Mimi ni mzazi, naomba niseme la wazazi. Binti yangu alikuwa kwenye timu kidato cha pili na alikuwa anapenda kweli. Kidato cha tatu nikamtoa. Ndiyo, mimi. Walikuwa wanafanya mazoezi Jumamosi hadi saa kumi na mbili jioni, anarudi usiku, Hisabati imeshuka, na hakuna mtu shuleni aliyewahi kuniita kunieleza roboti inamsaidia nini mtoto wangu kwenye mtihani wa taifa. Michango tu ndiyo ilikuwa inafika nyumbani kwa karatasi.

Mnataka timu idumu halafu mzazi mnamkumbuka siku ya nauli.

#10 Ticha_Nyegezi

Mama Koku asante, hili nalichukua. Swali: ungeitwa shuleni ungeuliza nini?

#11 Mama_Koku

Ningeuliza anarudi na nani na saa ngapi. Hizo faida nyingine ningezisikiliza baadaye.

#12 Dogo_PCM

Bandiko #11 limemaliza nusu ya uzi.

#13 Mlezi_Mstaafu

Mama amegusa mahali penyewe. Mpira una UMISSETA. Upo kwenye kalenda, mwalimu wa michezo anapewa ruhusa, gari linatafutwa, kila mtu anajua mwezi wa sita hakuna kipindi. Roboti haina kalenda. Mashindano yanatangazwa kwa ujumbe wa WhatsApp zikiwa zimebaki wiki tatu, yanagongana na mock, mwalimu wa taaluma anasema hapana, na kwa kweli yuko sahihi.

Nimelea timu muda mrefu kabla ya kustaafu na imani yangu ni hii: zinazodumu ni zile zilizojipangia mashindano yao ndani ya shule, bweni kwa bweni au mkondo kwa mkondo, tarehe ileile kila mwaka. Hata wafadhili wasipokuja, hata taifa lisipoita, tarehe ipo. Sisi tulifanya wiki ya pili baada ya kufungua muhula wa kwanza, kabla walimu hawajaanza kugombania vipindi. Sheria ni ukurasa mmoja. Uwanja ni ubao wa mbao uliopakwa rangi nyeupe na mstari wa gundi-tepu nyeusi ya umeme.

#14 NgosoMtata

Bweni kwa bweni? Hapo mtaamka asubuhi roboti ya Nyerere House haina magurudumu.

#15 Mlezi_Mstaafu

Ilitokea. Tulianza kulala na funguo.

#16 BabaZuwena

Wakuu habari za huko. Naishi Minneapolis, binti yangu yuko kwenye timu ya shule, nami najitolea Jumamosi kukata alumini. Niwape picha ya huku halafu mchukue linalofaa.

Huku FIRST ni kitu kikubwa. Alianzisha Dean Kamen, yule mbunifu wa Segway, mwaka 1992. Katika jimbo hili la Minnesota chama cha michezo ya sekondari kinaitambua robotiki, bingwa wa jimbo anapatikana kama bingwa wa hoki. Mchezo unatangazwa Januari, kila mwaka mpya, dunia nzima siku moja. Roboti ni kubwa, zaidi ya kilo 50, mechi ni kama dakika mbili na nusu, timu tatu dhidi ya tatu. Sekunde chache za kwanza roboti inajiendesha yenyewe, watoto hawagusi kitu.

Kinachonishangaza si roboti. Ni kwamba kati ya watoto kama 30, wanaojenga roboti hawafiki nusu. Wengine wanaandika barua kwa wafadhili, mmoja ni wa usalama tu, kazi yake kuhakikisha kila mtu kavaa miwani. Kuna kikundi kinakaa jukwaani na tableti kinaandika roboti za wengine zimefanya nini, maana ukifika fainali lazima uchague washirika. Yule aliyekushinda mechi ya asubuhi, mchana ndiye mwenzako. Kwa hiyo kumtukana hakuna faida.

#17 Chuma_cha_Pua

BabaZuwena rekebisho dogo. FIRST kama taasisi ni 1989. Mwaka 1992 ndiyo mashindano ya kwanza, timu 28, ukumbi wa michezo wa shule moja New Hampshire. Na asisahaulike Woodie Flowers, profesa wa MIT aliyefariki 2019. Utaratibu huo wa kushindana kiungwana, mpinzani wako kumwazima betri, yeye ndiye aliyeusimamia mpaka ukawa sheria isiyoandikwa.

#18 BabaZuwena

Nimepokea mkuu. Wewe ni maktaba.

#19 Kamukunji254

Na ada ya kujiandikisha ni ngapi huko? Sema usifiche.

#20 BabaZuwena

Kwa ngazi hiyo kubwa ni kama dola 6,000 kwa msimu. Bado hujanunua alumini.

#21 Kamukunji254

Haya. Dola elfu sita. Hapo kwetu shule ya kutwa unajenga maabara na chenji inabaki ya mandazi ya walimu. Sasa mnaelewa kwa nini nilisema jua kali.

#22 BabaZuwena

Ndiyo maana nikasema chukueni linalofaa. Ziko ngazi za chini. Ile ya LEGO ni ya watoto wadogo, mwisho watu 10 kwa timu, na majaji hawaangalii roboti peke yake. Kuna mradi wa ubunifu, kuna maelezo ya jinsi mlivyoisanifu, kuna namna mlivyoishi kama timu. Roboti ikigoma mezani hujafa.

Na huku juu msidhani siri zinafichwa. Timu namba 254 ya San Jose, iliyolelewa na wahandisi wa NASA Ames na kuchukua ubingwa wa dunia mara kadhaa, msimu ukiisha inaweka programu yake hadharani mtandaoni. Mtoto wa Nyegezi anaweza kuisoma leo.

#23 Ticha_Nyegezi

Akiwa na bando.

#24 MzeeWaSolda

Nimerudi na hoja nyingine kabisa. Nyote mnazungumzia watu. Mimi ni fundi, acheni niseme la umeme, maana nimeletewa roboti za shule nyingi kibandani na ugonjwa ni mmoja.

Mtoto anakuja analia: "Mzee, programu ni sahihi, nikiweka kwenye kompyuta inafanya kazi, nikichomoa waya inajizima na kujiwasha." Namuuliza betri gani? Ananitolea ile ya volti 9, ya mstatili, ya rimoti za kengele. Ile betri haikuzaliwa kwa mota! Zile mota za gia za njano moja ikikwama inavuta karibu ampea nzima. Ziko mbili au nne. Betri inazimia, volti zinaporomoka, Arduino, ule ubongo wa roboti, inakosa umeme inaanza upya, mota zinasimama, volti zinapanda, inawaka, mota zinavuta tena. Inatetemeka pale pale.

Halafu katikati kuna ile draiva nyekundu ya L298N, saketi ya kuendesha mota, ambayo yenyewe inakula karibu volti 2 njiani na kuzigeuza joto. Gusa ule ubati wake mweusi utaniambia.

Watoto wanahangaika na programu wiki tatu, hakuna kosa kwenye programu. Wanakata tamaa. Hapo ndipo timu inapofia. Haifi kwa uhamisho wa mwalimu, inafia kwenye betri ya buku mbili.

Dawa: seli mbili za lithiamu za 18650, mfululizo, unapata volti 7.4. Na likizo ikifika USIZIACHE zimejaa wala zimeisha. Ziache nusu, kama volti 3.7 au 3.8 kila moja, uzitoe kwenye roboti. Zile za #1 zilizovimba ziliachwa tu ndani na swichi imewashwa, nabeti.

#25 Dogo_PCM

Mzee umenipa majibu ya 2019. Yetu ilikuwa inatetemeka hivyo hivyo na tulimlaumu aliyeandika programu. Tulimtoa kwenye timu kabisa.

#26 NgosoMtata

Mtafuteni mumwombe radhi. Yupo humu huenda ni Chuma_cha_Pua.

#27 Chuma_cha_Pua

Ningekuwa mimi nisingetoka kimya kimya.

Niongezee kwenye hoja ya mzee. Kuna jua pia. Vile vihisi vya kufuata mstari vinatumia mwanga wa infraredi, na jua limejaa infraredi. Roboti inajifunzia usiku darasani chini ya taa, inakwenda kama treni. Mashindano ni saa nne asubuhi kwenye ukumbi wenye madirisha, ikifika pale mwanga unapoangukia inapotea, inakwenda kwa majaji. Kata kasha la sabuni, lipake rangi nyeusi ndani, lizungushie kihisi kama sketi. Na programu iwe na kitufe cha kupima upya weupe na weusi pale pale uwanjani, usiandike namba za darasani kwenye programu ukaziacha.

#28 Bi_Mkunazini

Sketi! Hii nimeicheka, lakini kesho tunaikata.

Ila Mzee, hoja yako haijibu suala. Betri ikiwa mbovu timu inakufa mwaka wa mwanzo. Ticha kauliza wa pili.

#29 MzeeWaSolda

Bibi nimekusikia. Lakini mwaka wa pili ndipo betri zinapokuwa mbovu.

#30 Bi_Mkunazini

Hapo umenipata.

#31 Safari_ya_Goma

Jambo kwenu wote. Mimi nitasema jambo ambalo hakuna mutu amesema. Timu inakufa kwa sababu ya viza. Mwaka wa 2018 vijana wa Burundi walienda Amerika kwa mashindano ya roboti, hawakurudi. Tangu hapo wazazi na wakubwa wanaona roboti ni njia ya kukimbia. Na wale watoto wanaona timu ni tikiti ya ndege. Wakikosa safari, wanaacha timu.

#32 Chuma_cha_Pua

Ni Julai 2017, Washington, mashindano ya kwanza kabisa ya FIRST Global. Nchi zaidi ya 150. Walikuwa vijana sita wa Burundi, na wawili kati yao walionekana wakivuka mpaka kuingia Kanada. Mwaka huo huo wasichana wa Afghanistan kutoka Herat walinyimwa viza mara mbili kabla ya kuruhusiwa dakika za mwisho, na timu ya Gambia nayo ilikuwa imenyimwa kwanza.

Lakini kusema viza inaua timu naona umevuka. Wale wa Herat hawakuishia kwenye safari. Mwaka 2020 korona ilipoingia walishika kazi ya kuunda mashine ya kusaidia kupumua kwa vipuri vya Toyota Corolla na mnyororo wa pikipiki ya Honda. Safari ilikuwa imepita miaka mitatu.

#33 Safari_ya_Goma

Asante kwa mwaka. Lakini nabaki na langu. Uliza watoto kumi wa timu kwa nini waliingia. Utasikia: ndege.

#34 Mlezi_Mstaafu

Goma ana hoja, ingawa ameileta na tarehe isiyo yake. Nimeona timu ya watoto kumi na tano. Mfadhili akasema watasafiri watano. Tangu siku ile hakukuwa na timu. Kulikuwa na watano na kumi. Wale kumi walikuwa wanajua kusolda kuliko wale watano, maana watano walichaguliwa kwa Kiingereza. Waliporudi na medali ya ushiriki, kumi walishaingia klabu ya skauti.

Ukisafirisha, piga kura mbele ya wote au tumia daftari la mahudhurio. Usiwaite ofisini mmoja mmoja.

#35 Mama_Koku

Daftari la mahudhurio. Hiyo hata sisi wazazi tutaielewa.

#36 Kamukunji254

Niongeze la Kenya. Kwenye mtaala mpya kuna Pre-Technical Studies huko junior school, kwa hiyo angalau mwalimu ana mahali pa kuweka roboti bila kuiba saa za mtu. Lakini kuna ugonjwa sijaona mkiutaja: mtu wa nje anayekuja kuwajengea watoto roboti. Shule inalipa kampuni, kijana wa chuo anakuja Ijumaa, anaandika programu, watoto wanapiga picha. Siku ya majaji mtoto anaulizwa "kwa nini mmetumia magurudumu matatu na si manne?" anamtazama mwalimu. Mkataba ukiisha, timu imeisha.

#37 Dogo_PCM

Mkuu mimi ndiye huyo kijana wa chuo wa Ijumaa. Usinitukane, nakula.

Lakini niseme ukweli wa upande wetu. Shule inalipa kwa kikombe, hailipi kwa kufundisha. Mkuu wa shule akinipigia haulizi watoto wamejifunza nini, anauliza "tutashinda?" Nikiwaacha watoto wakosee wenyewe, roboti itasimama katikati ya uwanja mbele ya mgeni rasmi na muhula ujao nimekosa kazi. Kwa hiyo naandika mimi.

#38 Ticha_Nyegezi

Dogo hapo umenifungua macho. Mkuu wangu tayari ameshataja kombe mara mbili, na vifaa havijafika.

#39 MzeeWaSolda

Mwambie kombe liko mwaka wa tatu. Akikubali endelea, akikataa muachie boksi lake.

#40 Bi_Mkunazini

Mie sikubaliani na kungoja mwaka wa tatu. Watoto wanataka kushinda kitu, nao wana haki. Wapeni ushindi mdogo mdogo wa ndani, kama alivosema Mlezi. Mtoto wa kidato cha kwanza akiona roboti ya dada yake wa kidato cha tatu imegonga ukuta na yake imefika, wallahi huyo humtoi tena.

#41 Kamukunji254

Tukiwa hapo, nimekumbuka ile Corolla ya #32. Kuna mtu amejaribu mota ya waipa? Hapa Nairobi barabara ya Kirinyaga zimejaa, za magari yaliyopasuliwa. Zina nguvu, ni volti 12, na ziko na gia tayari. Nataka roboti kubwa ya kubeba mizigo kwa maonyesho ya shule.

#42 NgosoMtata

Nunua. Ukifika nyumbani mvua ikinyesha utagundua ni ya gari lako.

#43 Chuma_cha_Pua

Mota ya waipa ni nzuri ila angalia, nyingi zina mwendo wa aina mbili na mwili wake wenyewe ndio hasi. Ukiifunga kwenye fremu ya chuma bila kuitenga, umeunganisha kila kitu.

#44 Kamukunji254

Na naweza kuiendesha na ile L298N nyekundu? Ninazo nne kwenye droo.

#45 MzeeWaSolda

HAPANA. Ile mwisho wake ampea 2 kila upande, na hapo inaunguza mkono. Waipa ikibeba mzigo inavuta ampea kadhaa, ikikwama zaidi ya kumi. Tafuta draiva ya BTS7960, inaandikwa ampea 43, usiiamini hiyo namba lakini kwa waipa inatosha na kubaki. Weka na fyuzi. Ya gari, ile ya plastiki, ampea 15 anzia hapo.

#46 Ticha_Nyegezi

Wakuu nimeandika yote. Nimepata mwalimu wa pili, wa Uhasibu, ameuliza jambo moja tu: vifaa vitaandikwa kwenye leja ya nani, yake au ya stoo? Kasema vikiandikwa ya stoo hagusi.

#47 Mlezi_Mstaafu

Huyo mshike. Yake, na funguo ziwe mbili. Stoo wakiwa na leja, kila Jumamosi utakuwa unamtafuta mtunza stoo yuko harusini.

#48 NgosoMtata

Na waya wa USB uandikwe wa kwanza.

#49 Kamukunji254

Mzee hiyo fyuzi inakaa upande wa betri ama upande wa mota?

#50 MzeeWaSolda

Betri. Kwenye chanya, karibu kabisa na betri, kabla ya kitu kingine chochote. Na usiniambie utaifunga kesho ukishajaribu kwanza.

#51 Kamukunji254

Nishajaribu kwanza.